Mpapai wa uani: panda mitatu, subiri ua liseme

Mpapai umenenepa shina, majani yametanda kama mwavuli, mwaka unaelekea kwisha, na bado kinachoonekana ni vishada vyembamba vya maua vinavyoning'inia siku chache kisha vinapukutika. Hapo mwenye mti huanza kupewa ushauri: pigilia msumari shinani, ning'iniza jiwe, kata kichwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo cha kutegemea. Mti ule ni dume, na udume wake ulikuwa ndani ya mbegu kabla haijafukiwa. Ni kweli kwamba mara mojamoja mpapai dume hubadilika kidogo na kutoa mapapai machache kwenye vikonyo virefu, lakini hufanya hivyo kwa wakati wake na kwa hali ya hewa yake, si kwa sababu ya msumari. Msumari unachofanya ni kufungua kidonda ambacho ukungu utaingilia.

Hasara hii inaepukika siku ileile ya kupanda. Shimo moja lipewe miche mitatu, iachwe ikue pamoja hadi ichanue, kisha ubakishe mmoja. Hilo ndilo la kwanza la kushika. La pili ni maji: mpapai unapenda maji yanayopita, na hufa kwenye maji yanayokaa. Ukikosea mbolea utarekebisha, ukichelewa kuona wadudu utawafuata. Haya mawili ukiyakosea, unaanza upya.

Mahali pa kupanda

Mpapai si mti wa mbao. Ni mmea laini uliorefuka, shina lake lina uwazi ndani, na mizizi yake mingi imetambaa karibu na uso wa ardhi. Kwa hiyo unataka mahali penye jua la moja kwa moja, saa 6 kwa siku kwa uchache, na penye kinga ya upepo mkali. Ukuta au ua wa miti upande unakotoka upepo unatosha, mradi usiutie mpapai kivulini. Mpapai wa kivulini hurefuka upesi ukitafuta mwanga, shina jembamba, matunda machache yasiyo na ladha.

Joto linaloufaa ni nyuzi 21 hadi 33 za Selsiasi. Likishuka chini ya 15 kwa muda mrefu, mti husimama kukua na matunda yanayokomaa wakati huo huwa hayana utamu. Baridi ya kugandisha huua mti mzima.

Kabla ya kuchimba shimo kubwa, pima udongo unavyopitisha maji. Chimba kishimo cha kina cha sentimita 40, kijaze maji, acha yanywee yote. Kijaze tena, simika kijiti ndani, weka alama palipo na maji, rudi baada ya saa moja. Maji yakiwa yameshuka sentimita 3 au zaidi, panda hapo bila wasiwasi. Yakiwa yameshuka chini ya hapo, usipande ardhini moja kwa moja. Inua tuta la duara, kimo chake sentimita 60 na upana wake mita 1.5, kwa udongo uliochanganywa na mboji, na mpapai upande juu yake. Ni kazi ya nusu siku. Anayeikwepa kwa kusema mvua si nyingi hupoteza mti siku mvua hiyo inapokuja, kwa kuwa saa 48 za mizizi kuzama majini zinatosha kuuua.

Sababu yake ni hii. Mizizi huvuta hewa iliyomo katika nafasi za udongo. Maji yakijaza nafasi hizo, mizizi hukosa pumzi na kuanza kufa, na wakati huohuo vimelea vya kuozesha mizizi, ambavyo mbegu zake huogelea majini, hupata njia. Mti wenye mizizi iliyooza hauwezi kunywa, hivyo majani hulegea kana kwamba una kiu. Anayeangalia majani tu huongeza maji, na hapo ndipo anapoumaliza. Ukiona majani yamelegea, ingiza kidole udongoni kwanza. Udongo ukiwa umelowa na mti umelegea, tatizo ni mizizi: acha kumwagilia, chimba mfereji wa kutoa maji, na uombe isiwe imechelewa.

Mbegu

Papai utakalotoa mbegu lina mengi ya kukueleza kabla hujalikata. Papai la mviringo, lenye uwazi mkubwa ndani, kwa kawaida limetoka kwenye mpapai jike. Papai refu au la umbo la peasi limetoka kwenye mpapai huntha, yaani wenye viungo vya kiume na vya kike katika ua moja. Chagua mbegu za papai refu. Ua la huntha likijichavusha lenyewe, miche inayotoka ni huntha wawili kwa kila jike mmoja, na dume hakuna kabisa. Mbegu za papai la mviringo lililochavushwa na dume hutoa nusu madume, nusu majike. Tofauti yake utaiona kwenye hesabu huko mbele.

Aina ya Solo, yenye mapapai madogo ya kama nusu kilo, hurudia sifa zake vizuri kwa mbegu mradi isichanganyikane na mipapai mingine. Mbegu za papai la chotara kama Red Lady zitaota bila shida, ila watoto hawatafanana na mama: mmoja mtamu, mwingine wa maji tu. Ukitaka chotara, nunua mbegu mpya kila unapopanda.

Kila mbegu ya papai imefungwa ndani ya kifuko cha utelezi, na utelezi huo una kemikali zinazoizuia mbegu kuota. Watu wengi hulaumu mbegu wakati kosa ni kuifukia na kifuko chake. Weka mbegu kwenye chujio, zisugue kwa mchanga kidogo hadi vifuko vipasuke, suuza, rudia mpaka zisiteleze tena vidoleni. Zitie kwenye bakuli la maji, zinazoelea zitupe. Zilizozama zianike kivulini juu ya karatasi siku 2 au 3. Juani zisikae. Mbegu zilizosafishwa hivi zikisiwa mapema huota vizuri kuliko zilizokaa miezi kabatini, lakini zikiwa kavu kwenye chombo kilichofungwa, mahali penye ubaridi, hudumu.

Siku moja kabla ya kusia, ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu kwa saa 24.

Miche

Mizizi ya mpapai haipendi kuguswa, kwa hiyo usioteshe kitaluni ili baadaye ung'oe na kuhamisha. Otesha kwenye viriba, au makopo yaliyotobolewa chini, yenye upana wa sentimita 10 na kimo cha 20. Mchanganyiko unaofaa ni sehemu 2 za udongo wa juu, sehemu 1 ya mboji iliyooza kabisa, sehemu 1 ya mchanga. Kama udongo umetoka mahali palipokuwa na mboga zilizonyauka, umwagie maji yanayochemka siku chache kabla ya kuutumia na uuache upoe.

Sia mbegu 2 kila kiriba, kina cha sentimita 1, funika, mwagilia kwa upole. Viriba vikae kwenye kivuli chepesi. Kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30, mche huchomoza baada ya wiki 2 au 3. Kukiwa na baridi, subiri hadi wiki 5 kabla ya kukata tamaa. Miche ikifikisha majani mawili ya kweli, bakisha mmoja wenye shina nene kila kiriba na ukate mwingine kwa mkasi. Ukiung'oa utatikisa mizizi ya unaobaki.

Adui wa hatua hii ni kuoza shingo. Mche uliokuwa mzima jana, leo umelala, na ukiutazama karibu utaona shina limebanwa mahali pamoja, sawa na uso wa udongo, kama limefungwa uzi. Chanzo ni maji mengi na hewa isiyopita. Mwagilia asubuhi tu, acha uso wa udongo ukauke kabla ya kurudia, na uvitenganishe viriba visigusane. Ulioanguka hauponi, utoe.

Baada ya wiki 6 hadi 8 miche huwa na kimo cha sentimita 15 hadi 25. Wiki ya mwisho izoeze jua: saa 2 siku ya kwanza, ukiongeza kila siku. Mche ulioruka kutoka kivulini hadi jua kali hubabuka majani na kupoteza wiki mbili ukijiuguza. Na usiache mche uzeeke kwenye kiriba. Mzizi mkuu ukishafika chini na kujisokota, mti hudumaa hata ukihamia kwenye shimo zuri.

Shimo na kupanda

Chimba shimo la sentimita 60 kila upande na kina cha 60. Udongo wa juu uweke kando yake peke yake, wa chini upande mwingine. Changanya udongo wa juu na ndoo 2 za lita 20 za mboji au samadi iliyooza hadi haina harufu wala joto. Samadi mbichi huunguza mizizi. Ukiishika mkononi na bado ina uvuguvugu, iache. Rudisha mchanganyiko shimoni hadi uwe juu ya ardhi kwa sentimita 10, kwa kuwa utashuka. Acha wiki 2 utulie. Kutoka shimo hadi shimo weka mita 2.5 hadi 3.

Panda jioni. Weka miche mitatu kwa umbo la pembetatu, sentimita 25 kati ya mmoja na mwingine, ili siku ya kukata miwili usijeruhi wa tatu. Chana kiriba kwa wembe, shika donge la udongo kwa mikono miwili, lishushe bila kulivunja. Shingo ya mche ibaki usawa uleule iliokuwa nao kwenye kiriba. Hapa wengi huzamisha mche kama wanavyofanya kwa nyanya, wakidhani utashika vizuri zaidi. Shina la mpapai likifukiwa halitoi mizizi mipya kama la nyanya. Huoza.

Mwagilia lita 3 kwa kila mche na uikinge na jua la mchana kwa matawi kwa siku 5 hadi 7. Kisha tandaza matandazo ya nyasi kavu au majani, unene wa sentimita 10, ukiacha duara tupu la sentimita 15 kuzunguka kila shina.

Maji na chakula

Wiki 2 za mwanzo mwagilia kila siku, lita 2 kwa mche. Baadaye badili mtindo: maji mengi kwa mara chache. Lita 15 kwa shimo mara 2 kwa wiki zinatosha mti unaokua. Ukishabeba matunda na mvua hakuna, lita 20 mara 2 au 3 kwa wiki. Udongo wa kichanga unataka mara nyingi zaidi, wa mfinyanzi mara chache. Kidole kikiingia sentimita 5 na kukuta unyevu, subiri kesho. Maji yaende kwenye mfereji wa duara ulio usawa wa ncha za majani, si shinani, na udongo wa shinani uinuke kidogo ili maji yakimbie kutoka hapo.

Kiu ya wiki moja wakati wa maua inalipwa miezi mitano baadaye. Mti hudondosha maua na vitunda vichanga, na kwenye shina panabaki pengo: matunda juu, matunda chini, katikati patupu. Mpapai huzaa kwa kupanda juu, kila jani na ua lake, na pengo likishatokea halijazwi tena.

Mpapai hula mara kwa mara, kidogo kidogo. Mwezi wa kwanza baada ya kupanda usiweke kitu, mboji ya shimoni inatosha. Kuanzia hapo, kila baada ya miezi 2, zungushia nusu ndoo ya mboji au samadi iliyooza. Anayetumia mbolea ya chumvichumvi ya NPK 17-17-17 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa) aanze na gramu 50 kwa shimo kila miezi 2, afike gramu 100 baada ya maua, na gramu 150 mti unapobeba matunda. Inyunyizwe sentimita 40 kutoka shinani, ifukiwe kwa kukwaruza tu, kisha imwagiliwe. Jembe lisiingie ndani, kwa kuwa mizizi iko papo hapo juu. Palizi ya mpapai ni ya mikono na matandazo. Naitrojeni ikizidi, utapata majani makubwa ya kupendeza na mapapai laini yasiyo na utamu.

Siku ya ua

Miezi 4 hadi 6 baada ya kuhamisha miche, kwenye kwapa la kila jani jipya patatokea vichwa vya maua. Hii ndiyo siku uliyoipandia mitatu. Usiharakishe: maua ya mwanzo kabisa ni madogo na yanaweza kudanganya. Subiri wiki 2 au 3 hadi yawe mengi, kisha chuma chipukizi la ua moja lililo karibu kuchanua kutoka kila mti, lipasue kwa ukucha kutoka juu hadi chini, na utazame.

Dume halihitaji hata kupasuliwa. Maua yake ni membamba kama tarumbeta ndogo, ya urefu wa sentimita 2 au 3, mengi kwa pamoja kwenye kikonyo kirefu chenye matawi kinachoning'inia. Ndani utakuta stameni 10 za manjano, yaani viungo vya kiume vinavyotoa chavua, na, katikati, kitu chembamba kama sindano kisichokuwa tunda kamwe.

La jike limekaa karibu na shina, peke yake au na wenzake wawili watatu, kwenye kikonyo kifupi. Kitako chake kimenona, juu limechongoka. Petali zake 5 zinaachana karibu hadi chini kabisa. Ukilipasua unakuta papai dogo la kijani kibichi, la mviringo, lenye taji lililochanika kama ukingo wa kitambaa. Stameni hakuna hata moja.

La huntha pia liko karibu na shina, lakini chipukizi lake ni refu na lenye upana karibu sawa kutoka chini hadi juu, kama kidole cha mtoto. Petali zimeshikana sehemu ya chini na kufanya bomba. Ndani kuna papai dogo jembamba, na limezungukwa na stameni za manjano. Hizo stameni ndizo za kutafuta. Ukiona papai changa na unga wa manjano katika ua moja, umempata huntha.

Bakisha huntha, kwa kuwa hujichavusha na hauhitaji mwenza. Kama wako wawili, bakisha wenye shina nene na maua yaliyoanza chini zaidi. Kama hakuna huntha, bakisha jike, lakini ujue jike linahitaji chavua kutoka kwa dume au huntha aliye karibu. Chavua huletwa na upepo na nondo wanaotembelea maua machweo. Jike lisilochavushwa hudondosha maua yake, au hutoa vipapai vidogo visivyo na mbegu. Dume mmoja anatosha majike 10, basi kwenye uwanja wa nyumba abaki mmoja tu, pembeni.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwa mbegu za jike na dume, uwezekano wa miche mitatu kuwa yote madume ni mmoja kati ya 8. Kwa hiyo mara 7 kati ya 8 utapata angalau jike mmoja. Kwa mbegu za papai la huntha aliyejichavusha, mara 26 kati ya 27 utapata angalau huntha mmoja, na aliyebaki ni jike, si hasara. Aliyepanda mche mmoja wa mbegu za papai la mviringo amerusha sarafu juu na kusubiri nusu mwaka itue.

Isiyotakiwa ikate kwa kisu chini kidogo ya uso wa udongo. Usiing'oe, mizizi yake imeshikana na ya unaobaki. Inauma kukata mti wenye afya uliofika kifuani, na ndiyo maana watu huacha yote mitatu. Yote mitatu ikibaki, hugombania mwanga na chakula, na shimo zima hutoa mapapai machache kuliko ambayo mti mmoja ungetoa.

Huntha ana tabia moja ya kujua mapema. Joto likiwa kali na udongo mkavu, baadhi ya maua yake hupoteza papai la ndani na kuwa ya kiume kwa msimu huo. Kukiwa na ubaridi na unyevu mwingi, stameni hugandamana na tunda, na papai linatoka limejikunja, lina mifereji kama uso uliokunjamana. Si ugonjwa. Yaondoe yaliyoharibika yakiwa madogo, na hali ikitulia mti utarudi.

Kwenye kwapa moja panaweza kufungwa matunda 2 au 3. Yakifikia ukubwa wa yai la kuku, bakisha moja. Yanayobanana hupata umbo baya, na katikati yake ndipo wadudu waitwao vidung'ata hujificha.

Wadudu na magonjwa

Ugonjwa wa kuogopa ni virusi vya madoa ya pete. Majani machanga yanakuwa na mabaka ya njano na kijani, ncha zake zinasinyaa hadi kufanana na kamba, kwenye vikonyo na shina la juu kuna michirizi inayoonekana kama imelowa mafuta, na kwenye tunda kuna vijiduara vya kijani iliyokolea. Hauna dawa. Huenezwa na vidukari, na kwao kuonja jani kwa muda mfupi kunatosha kuhamisha virusi kutoka mti hadi mti, kwa hiyo sumu ya wadudu haisaidii: kidukari atakufa baada ya kuwa ameshaambukiza. Ng'oa mti siku ileile, ondoa mabaki. Matango, maboga na matikiti nayo hubeba virusi hivi, basi yapandwe mbali na mipapai. Mashamba ya Puna huko Hawaii yalivamiwa na virusi hivi mwaka 1992, na kilimo cha mipapai pale kiliokolewa na mbegu zilizobadilishwa vinasaba zilizotolewa mwaka 1998. Mwenye mpapai mmoja uani ana panga na macho tu.

Utitiri huja wakati wa kiangazi. Majani yanafifia kwa vitone vyeupe, na ukigeuza jani utaona utando mwembamba na vidoa vinavyotembea. Vidung'ata ni kama pamba nyeupe kwenye vikonyo na katikati ya matunda, na sisimizi wakipanda na kushuka shinani ni dalili yao. Kwa wote wawili anza na maji: mpira wenye presha, upande wa chini wa majani, kila baada ya siku 3, mara 3. Wakirudi, tumia maji ya sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chai kwa lita, jioni. Lakini majani ya mpapai huungua upesi kwa sabuni na mafuta, mafuta ya mwarobaini pia yakiwemo, kwa hiyo jaribu jani moja na usubiri siku 2.

Unga mweupe juu ya majani ni ubwiri unga. Kata majani yaliyoathirika, acha hewa ipite. Madoa meusi yanayodidimia kwenye tunda linaloiva ni chule, na mara nyingi huingia kupitia mikwaruzo. Mizizi yenye vifundo kama shanga ni kazi ya minyoo fundo, na hapo usipande mpapai tena.

Papai lenye vinundu, linalotoa utomvu lenyewe bila kukwaruzwa, si la mdudu wala ukungu. Mti umekosa boroni, kirutubisho unachokihitaji kidogo tu. Yeyusha kijiko kimoja cha chai cha boraksi (chumvi yenye boroni), kama gramu 5, kwenye lita 10 za maji, mwagia mduara wa mti mmoja mara moja tu. Usirudie kabla ya miezi 3, kwa sababu boroni ikizidi ni sumu kwa mmea huuhuu. Mapapai yaliyokwisha kuharibika hayatanyooka; tazama yanayofuata.

Kuvuna

Kutoka ua hadi papai lililokomaa ni miezi 5 au 6 penye joto, zaidi penye ubaridi. Angalia kitako cha tunda: mstari wa njano ukitokea kwenye kijani, liko tayari. Dalili ya pili ni utomvu. Papai changa likikwaruzwa hutoa maziwa mazito. Lililokomaa hutoa maji meupe hafifu. Usivune la kijani tupu ukitegemea litaivia ndani. Papai halina akiba ya wanga ya kugeuza kuwa sukari, hivyo litalainika bila kuwa tamu. La kupika kama mboga, lichume likiwa kijani wakati wowote likishatimiza ukubwa.

Ukisubiri liive lote mtini, ndege na inzi wa matunda watakutangulia. Inzi hutaga kwa urahisi kwenye papai lililogeuka njano, kwa sababu la kijani lina utomvu unaowazuia. Ndiyo maana mstari mmoja wa njano ni wakati mzuri kuliko tunda zima la njano.

Kata kwa kisu ukiacha sentimita 1 ya kikonyo, shika tunda kwa mkono mwingine lisianguke. Vaa glavu na usikae chini yake moja kwa moja, utomvu huwasha ngozi na ukiingia jichoni ni hatari. Panga mapapai kwa tabaka moja, juu ya gazeti, mahali penye nyuzi 20 hadi 25. Baada ya siku 4 au 5 yatakuwa yamegeuka na kulainika. Friji ni ya papai lililokwisha iva. La kijani likiwekwa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10 huumia, linabaki na mabaka magumu na haliivi sawasawa.

Mti unapozeeka

Mpapai huzaa vizuri miaka 3 hivi. Kisha huwa mrefu kupita mkono, matunda yanapungua ukubwa. Unaweza kuukata mita 1 kutoka ardhini mwanzoni mwa msimu wa joto. Machipukizi yatatokea ubavuni, bakisha moja lenye nguvu. Juu ya kisiki funika kopo lililogeuzwa, kwa kuwa uwazi wa shina ukijaa maji ya mvua huoza kuelekea chini hadi kwenye mizizi. Chipukizi hilo litakuwa na jinsia ileile ya mti, hivyo huntha anabaki huntha, na huna haja ya kusubiri ua kulijua.

Hata hivyo mti uliokatwa hauna nguvu za mti mpya. Ule wa kwanza ukitimiza miaka 2, chagua papai lake refu kuliko yote, safisha mbegu, na uandae shimo jingine mita 3 au zaidi kutoka pale. Shimo la zamani lipewe mahindi au maharage kwanza, kwa kuwa vimelea vya kuozesha mizizi ya mpapai hubaki humo vikimsubiri mpapai mwingine.